Dawa ya Kunguni na Mikono Yangu

Kama nyumba yako ina kunguni na umenunua dawa iliyotiwa kwenye chupa ya maji isiyo na karatasi ya maelezo, usiendelee kusoma kwanza. Fungua madirisha, watoe watoto nje, vua nguo ulizovaa wakati wa kupuliza, oga kwa sabuni na maji mengi. Kisha rudi. Mimi nipo, sina haraka.

Naandika kwa sababu mikono yangu sasa imetulia, na hasira yangu bado. Katika parokia yetu mtu akipona husimama mbele ya watu na kuanza kwa kusamehe. Mimi nitaanza na kunguni, na sijawasamehe.

Jina langu ni Béa. Ni fundi cherehani, naishi katika komuni ya Annexe, pembeni mwa Lubumbashi, pale nyumba zinapoachana, mashamba ya mahindi yakijipenyeza katikati. Cherehani yangu iko chumbani, ubavuni mwa kitanda, kwa sababu sebuleni wanalala watoto wetu wawili, Sarah na mdogo wake. Mume wangu, Mukendi, anafanya kazi mgodini karibu na Kolwezi, wiki tatu kule na wiki moja nyumbani. Kwa hiyo chumba kile kilikuwa changu, mchana nikishona na usiku nikilala, na dirisha lake ni dogo.

Kunguni niliwaleta mwenyewe. Katika msimu wa baridi shangazi yangu alifariki Kilwa, ile ya huku kwetu, si ya pwani, nikaenda matanga. Tulilala chini siku nane, wanawake wengi kwenye mikeka iliyogusana, maana kwetu mwenye msiba halali kitandani na aliyekuja kumfariji haombi kitanda. Nilirudi juu ya lori, siku mbili za vumbi na mashimo, nimekumbatia mkeka wangu uliokunjwa. Wiki mbili baadaye nikaona matone madogo ya damu kwenye shuka, na kwenye mshono wa godoro wale wenyewe, wanene, wametulia kama wenye nyumba.

Kwa mtu mwingine kunguni ni kero tu. Kwa fundi wa nguo ni kufunga kazi. Mteja anakuletea kitenge cha harusi ya mdogo wake, anakiacha kwako siku tano. Akisikia kwako kuna kunguni hatarudi, na kwaya nzima itajua kabla ya Jumapili. Nikaapa hakuna mtu atakayejua. Mukendi asijue, na zaidi ya wote asijue Mama Ntumba.

Mama Ntumba ni mama mkwe wangu. Yeye na watu wake walitoka Kasai, na huku aliuza vitambaa sokoni mpaka miguu ilipochoka. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kula kwetu. Akimaliza, aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda na kugeuza nguo zangu ndani nje ili aone mishono. Hakuwa akisifu wala kulaumu. Alisema tu "hum", nami nikabaki wiki nzima nikiichambua ile "hum". Sasa fikiria kunguni mmoja akimpanda mama yule kwenye kitambaa chake cheupe cha misa. Nilikuwa tayari kufanya lolote lisitokee hilo.

Ndiyo maana nilikwenda kwa yule mtu. Alikuwa na meza pembeni ya soko: mbegu za mboga, mitego ya panya, na chupa za maji zilizojaa kitu cheupe kama maziwa yaliyoongezwa maji. Alikuwa akikimimina kutoka kwenye bidoo, dumu kubwa la plastiki, chini ya meza, mikono mitupu, bila funeli, na vifuniko amevitoboa kwa msumari.

"Mama, ile ya boîte banauzisha ku magasin inabalewesha tu," aliniambia, akimaanisha ile ya makopo ya dukani. "Hii njo inaua. Iko ya mashamba, ya bile badudu ba mahindi."

"Naitumika namna gani?"

"Unaweka maji kidogo, si mingi. Unafunga dirisha, unafunga mulango, unaacha produit, hii dawa, inafanya kazi. Na ku miguu yako unapaka kidogo, habatakukaribia tena."

Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikamshukuru. Hiyo shukrani bado inaniuma.

Siku yangu ya kupuliza ikawa Jumamosi. Watoto wakienda mazoezi ya kwaya, nilifunga dirisha na mlango, nikanyunyizia godoro, chaga, ukuta, hata zulia dogo chini ya cherehani. Nilijipaka kwenye vifundo vya miguu kama mwanamke anayejipaka manukato. Kisha niliketi na kushona, maana kazi ya Jumatatu haikusubiri. Chupa niliificha ndani ya ndoo ya mabaki ya vitambaa. Jumapili nilifukiza ubani kuficha harufu, na Mama Ntumba alipoketi kitandani, hakuna mdudu aliyetoka. Nilijiona mshindi.

Jumapili hiyo hiyo jioni nilianza kuumwa.

Kwanza kichwa, kisha jasho, jasho la mtu anayetwanga ilhali nimekaa. Mate yalinijaa mdomoni mpaka nikawa natembea na kitambaa cha kufutia. Tumbo lilisokota. Macho yakawa na ukungu, nikashindwa kuona tundu la sindano, nikadhani nimezeeka ghafla nikiwa na miaka thelathini na nne. Nyama za mkono zilikuwa zikicheza zenyewe chini ya ngozi. Siku nne tano baadaye hali ililegea kidogo, nikashona haraka haraka, halafu Jumamosi ikafika tena.

Benchi la kituo cha afya nalijua vizuri sasa. Ni la mbao, lina msumari uliotokeza upande wa kulia, na wanaofika mapema huukwepa. Niliketi pale mwezi wa tisa wote, joto likipanda, vumbi jekundu likiingia mlangoni. Mara ya kwanza waliniambia malaria. Mara ya pili malaria na tifoidi. Mara ya tatu walinilaza siku tano na maji ya mshipa, na nikapata nafuu, nikala bukari, ugali wetu, na kucheka na wagonjwa wenzangu. Nilirudi nyumbani nikakuta kunguni wamefanya sikukuu. Kwa hasira nikapuliza mara mbili kwa wiki.

Usiniulize kwa nini sikuwaambia wale waganga wa kituo. Kila mmoja aliniuliza nimekula nini na nimelala chini ya chandarua au la. Hakuna aliyeniuliza kama nimepuliza dawa, na mimi, hata wangeniuliza, nilikuwa nimeshajiandaa kusema hapana.

Badala yake nilifanya hesabu yangu mwenyewe. Mama Ntumba anakuja Jumapili. Mimi naumwa Jumapili. Niliwekwa kituoni siku tano asizofika nyumbani kwangu, nikapona. Nilirudi, akaja, nikaumwa. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Na nitasema ukweli, ilinifurahisha. Ilinipa mtu wa kumchukia mwenye uso na miguu, na ile "hum" yake ikapata maana.

Mukendi aliporudi katika wiki yake ya nyumbani, nilimketisha.

"Papa Sarah, mama yako njo ananiloga."

"Béa, unajua kintu uko nasema?"

"Hesabia weye mwenyewe. Kila dimanche akikuya. Chagula: yeye ao miye."

Mukendi ni mtoto wa kwanza wa mama yake. Alikwenda kwake asubuhi akarudi mchana, akanawa uso kwa muda mrefu. Aliniambia amemwomba mama yake asije tena, naye hakubisha. Aliuliza tu nani sasa atamwangalia mgonjwa Mukendi akiwa mgodini. Siku iliyobaki Mukendi alilala akilalamika kichwa kinamgonga, na mimi nikasema ni moshi wa mgodi.

Jumapili zikapita bila Mama Ntumba. Niliendelea kuumwa. Nikajisemea anafanya kutoka mbali, ndivyo mtu anavyojisemea akishatamka neno ambalo hawezi kulirudisha. Na kila Jumamosi niliendelea kupuliza, maana kunguni hawakuwa wamesikia kwamba mgeni haji tena.

Nilianguka Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, joto likiwa limejibana kabla ya mvua, maembe ya kwanza yakiwa mabichi. Nakumbuka nilikuwa naweka ukosi wa blauzi. Vidole viliacha kunisikia. Sarah, binti yangu wa miaka tisa, alirudi kwenye kwaya akanikuta sakafuni, povu mdomoni, nikipumua kwa shida. Alikimbilia majirani. Mimi nikapelekwa hospitali kubwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwalimu mmoja, ambalo nililichafua, na ambaye hajawahi kulitaja hilo mpaka leo.

Hospitali zetu unazijua. Mgonjwa asiye na mtu wa kumtunza hana chakula, hana wa kumfulia, hana wa kukimbilia famasi. Mukendi alikuwa mbali. Sarah alifanya kile ambacho mtoto yeyote mwenye akili angefanya: alimwita bibi yake.

Nilipofungua macho nikamwona Mama Ntumba pembeni ya kitanda, nilitaka kupiga kelele wamtoe. Ulimi haukugeuka. Alinifuta mate, akanivua kitenge nilichokuwa nimejifunga, akakusanya nguo zangu chafu, akaenda nazo kwenye bomba la uani. Sikuwahi kumchukia mtu namna nilivyomchukia dakika zile, akinifulia.

Alirudi upesi. Kitenge kilikuwa mkononi mwake, kikavu bado. Alikipeleka puani, akakitoa, akakirudisha. Kisha akatoka, akarudi na daktari, mwanamke kijana mwenye miwani.

"Docteur, nusa," alisema. "Miye nilikomalea Kasai, tulikuwa tunalima pamba. Hii njo harufu ya dawa ya pamba. Kaka yangu alikufa nayo. Mate, jasho, macho kadogo kadogo, vile vile kama huyu."

Daktari alinusa, akanifungua jicho kwa kidole, akaliangalia kwa tochi.

"Mama, ulitumika produit gani mu nyumba?"

Nikakusanya nguvu zangu zote. "Hapana, docteur. Kwangu hakuna kunguni."

Hakuna aliyekuwa ametaja kunguni. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala mteja wangu, mke wa katekista, ambaye nguo yake ya Pasaka niliishona mimi, na nikaona shingo yake ikigeuka. Nilitamani kufa kweli, na nilikuwa karibu.

Mama Ntumba hakuinama kuninong'oneza. Alisimama wima na kusema kwa sauti ya mtu aliyeuza vitambaa sokoni miaka thelathini, wodi nzima ikasikia.

"Mama Sarah, kunguni beko ku nyumba yangu pia. Balikuya na godoro ya bibi harusi wa mtoto yangu Joseph. Kila mwezi miye nabamwangia maji ya moto. Basi, bantu bote banajua sasa. Sema produit iko wapi."

"Mu ndoo," nikasema. "Ya vitambaa."

Walinivua nguo zote, wakaniosha kwa sabuni mwili mzima mpaka nywele, wakaanza kunichoma sindano. Sitakueleza dawa zile, si kazi yangu. Nitakueleza kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili mdomo wangu ulikauka, na ukavu ule ulikuwa mtamu kuliko soda ya baridi. Mwanga wa dirishani ukaniumiza macho, nikashukuru. Mke wa katekista alinyoosha mkono wake akaniuliza kwa sauti ndogo, ile dawa niliipata wapi, maana kwake pia kunguni wapo. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mapafu yalipona, tumbo likapona. Mikono haikupona. Wiki ya tatu vidole viliwaka moto kisha vikafa ganzi, na kikombe kikawa kinaniponyoka. Daktari alisema mishipa ya fahamu ikiumia hurudi polepole, na mingine hairudi. Nilimwuliza kama nitashona tena. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Tutaona, mama." Hakuniahidi chochote. Ninamheshimu kwa hilo, ingawa nililia mpaka chakula cha jioni.

Nilirudi nyumbani na mvua za kwanza. Nilipiga magoti mbele ya Mama Ntumba sebuleni, watoto wakiona, nimwombe radhi.

"Simama, sakafu iko na baridi," alisema. "Iliniuma. Itaniuma tena. Machozi utaleta siku ingine. Leo leta maji ya moto."

Na hapo, msomaji, ndipo tulipolipiza kisasi cha kwanza. Siku ya kwanza ya jua tuliburuta godoro na chaga uani, mbele ya njia nzima ya watu, mchana kweupe. Mbabula mbili, majiko ya makaa, zilikuwa zinachemsha maji. Mama Ntumba aliyamimina kwenye kila ufa wa chaga, na mimi, kwa mikono yangu inayotetemeka, nilishika pasi ya makaa na kuipitisha kwenye mshono wa godoro, taratibu, juu ya kitambaa chenye unyevu. Kunguni walikuwa wakilia tik, tik. Nilipitisha mshono wa kulia, nikageuza, nikapitisha wa kushoto. Kila tik niliipa jina: hii ya benchi lenye msumari, hii ya Sarah kunikuta sakafuni, hii ya gari la mwalimu. Mkeka wa Kilwa tuliuchoma. Tulirudia kila wiki mpaka hapakuwa na tik tena, na haikutugharimu zaidi ya makaa.

Wateja wawili hawakurudi. Wengine walikuja kuazima pasi.

Kila Jumapili baada ya chakula Mama Ntumba alitoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yangu, akanipa na uzi mweusi. "Pitisha." Nilijaribu. Uzi ulikwenda kulia, ukaenda kushoto, sindano ikanichoma kidole ambacho hakikusikia. "Hum," alisema, akairudisha sindano ukosini. Mvua kubwa zikapita hivyo. Mahindi yakakomaa, watu wa Annexe wakayavuna, na mimi bado nilikuwa nikiwaelekeza kwa mdomo wanafunzi wawili wa cherehani niliowachukua baada ya hospitali, nikiwaonea wivu vidole vyao.

Siku nilipoweza kutembea mpaka sokoni bila kuketi njiani, nilikwenda kwa yule mtu. Nilibeba kigoda na chupa tupu ya maji, safi, isiyo na karatasi. Ile yenyewe ilibaki hospitali. Nilikuwa nimeandaa matusi ya Kiluba na ya Kifaransa. Nilipofika nikamwona anammiminia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na matusi yakaniishia.

Niliweka kigoda mbele ya meza yake, nikaketi. "Mama," nikamwambia yule mnunuzi, "angalia mikono yangu." Nikamsimulia yote, kuanzia Kilwa. Akairudisha chupa mezani.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na zote baada ya hapo. Jumamosi zilikuwa zangu za kupuliza. Nilikuwa na nafasi. Yule mtu alinitukana, akanibembeleza, akahamia upande wa pili wa njia. Nikahamisha kigoda. Sikuwa na fujo. Nilisimulia tu, kila anayekuja, mate, jasho, macho, na nikainua mikono.

Msimu wa baridi ulipoanza tena, Jumamosi moja Mama Ntumba alikuja nami. Watu walikuwa wengi. Yule mtu akaweka bidoo chini kwa hasira.

"Mama, unatafuta nini kwangu? Sema, niishe na weye."

Nilitoa sindano ukosini. Nilikuwa nimeifikiria siku hiyo kwa miezi. Nilitaka ajaribu mbele ya watu kazi aliyoninyang'anya, aone ugumu wake, ajue ni nini.

"Pitisha uzi humu," nikamwambia. "Ukipitisha, sitarudia hapa tena."

Alicheka, akaichukua. Akauleta uzi karibu. Akakaza macho. Mkono wake ukaanza kutetemeka, akaushika kwa mkono mwingine, na ule mwingine ulikuwa unatetemeka zaidi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na ilikuwa asubuhi ya baridi, sisi wengine tumevaa sweta. Hakuna aliyecheka. Uzi ulikwenda kulia, ukaenda kushoto. Niliyajua yale mapito yote.

Nilifurahi. Sitakudanganya ili nionekane mwema. Nilisimama pale nikamwangalia, nikafurahi mpaka miguuni.

"Ilianza wakati gani?" nikamwuliza.

"Tangu mvua," alisema, macho chini. "Banasema malaria."

Nilimnyang'anya sindano na uzi. Sikupanga kufanya lolote. Nilitaka vitu vyangu tu. Nikalowesha ncha ya uzi mdomoni kwa mazoea, nikaiinua, na uzi ukapita. Mara moja. Nilikaa nikiuangalia ukining'inia pande zote mbili.

Nyuma yangu Mama Ntumba akasema, "Hum."

"Enda ku hôpital," nikamwambia yule mtu. "Beba ile bidoo, baone. Bakikuuliza unashika nini na mikono, usiseme hapana kama miye."

Jumamosi iliyofuata meza yake haikuwapo. Sijui kama alikwenda hospitali au alihamia soko lingine, na sikumuulizia. Palikuwa na meza nyingine tatu zenye chupa zile zile. Nikabeba kigoda changu, nikakiweka mbele ya ile ya kwanza, nikatoa sindano ukosini.